Mrejesho: rufaa ya shule ya binti yangu

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mwezi wa nne niliwauliza nifanyeje, halmashauri hapa Uingereza imempa binti yangu shule ya mabasi mawili kutoka nyumbani, nami zamu yangu ya hospitali inaanza saa moja asubuhi.

Nilikata rufaa. Jopo la watu watatu wasio wa shule lilinisikiliza vizuri, nikatoa ratiba ya zamu na barua ya bosi. Nikashindwa. Darasa la wadogo lina kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja, na hapo jopo huangalia hasa kama taratibu za kugawa nafasi zilifuatwa. Shida za kazi haziwasogezi. Ningejua, nisingekesha nikipanga makaratasi.

Kilichoniokoa ni yule dada aliyesema nisiikatae nafasi niliyopewa, ila jina libaki kwenye orodha ya kusubiri ya shule ya jirani. Julai, nikiwa natoa sare kwenye mashine ya kufulia, simu ikaita: familia moja imehama. Anaanza Septemba.

Klabu ya asubuhi, ya kuwaacha watoto shuleni kabla ya masomo, inafunguliwa saa moja na nusu, kwa hiyo sasa nambembeleza msimamizi wangu kuhusu zamu.