Nataka banda la gari pembeni ya nyumba ila mpaka uko karibu, msamaha wa seti-beki unaombwaje?

mgeni_wa_baridi
Wakuu habari zenu. Niko Marekani, nyumba niliyonunua haina gereji, gari linalala nje na msimu wa barafu kila asubuhi ni kukwangua kioo, sasa nataka niweke banda la gari, sio gereji, nguzo na paa tu. Sehemu pekee linapoweza kukaa ni pembeni ya nyumba pale njia ya gari inapoishia maana huko nyuma ni mteremko mkali unashuka moja kwa moja mpaka mtaroni. Shida kanuni za hapa zinataka uache futi 8 kutoka mpaka wa jirani, hiyo ndiyo seti-beki, na mimi nikiweka banda la upana wa futi 12 nabakiwa na futi 4 tu. Watu wa mipango miji wamenipa fomu ya kuomba msamaha, kuna swali linasema eleza ugumu unaokupata, nimejaza kwamba gari ni jipya na mama mkwe anaishi na sisi hawezi kukanyaga barafu. Ada hairudi hata ukikataliwa ndio maana nauliza kwanza. Jirani wa upande huo hana neno, kaniambia we jenga tu.

mchora_ramani
Mkuu usiipeleke hiyo fomu kwanza. Hilo swali la ugumu ndio kesi yenyewe na ulivyolijibu utapigwa chini hata kama bodi nzima inayoamua maombi haya inakuonea huruma. Bodi haiulizi wewe unateseka vipi, inauliza kiwanja chako kina nini ambacho viwanja vya wenzako mtaani hakina: kimebanwa, kina pembe ya ajabu, kina mteremko, kina mwamba. Gari na mama mkwe ukihama unahama navyo, msamaha unabaki na ardhi na atakayenunua anaurithi, sasa kwa nini waiachie ardhi ruhusa ya kudumu kwa sababu ya mtu aliyekwisha ondoka? Huu mfumo ni wa zamani, Wizara ya Biashara ya Marekani ilitoa sheria ya mfano ya zoning, yaani kupanga wapi kijengwe nini, miaka ya 1920, humo ndimo kuna habari ya bodi na "ugumu usio wa lazima", majimbo mengi yakainakili. Baadaye wengine wakalegeza kwa misamaha ya vipimo kama huu wako, mfano New York wanaweka kwenye mizani faida yako na madhara kwa mtaa, kwa hiyo soma kanuni za huko uliko neno kwa neno, vigezo vimeandikwa na kila kigezo ukijibu peke yake usivichanganye.

Sasa dhahabu yako ni huo mteremko na wewe umeutaja kwa kupita tu! Huo ndio uandike. Onyesha kwamba kanuni zinaruhusu banda nyuma lakini ardhi yenyewe inakataa, weka picha, weka vipimo vya ardhi inashuka futi ngapi ndani ya futi ngapi, na kama nyumba za jirani zina uwanja tambarare nyuma piga picha ya mtaa nayo ukiwa barabarani. Kitu kingine wanachoangalia ni kama ugumu umejitakia mwenyewe, mtu aliyeongeza chumba pembeni akala nafasi ya gari halafu anakuja kulia nafasi hana wanamrudisha nyumbani.

kitasa
Mnahangaika bure. Banda la nguzo nne unasimamisha wikiendi moja, nani atakuja na futi kamba?

mchora_ramani
@kitasa atakuja huyo huyo jirani siku mkigombana, au mkaguzi siku unauza nyumba. Na ukienda kuomba msamaha wakati banda limeshasimama, hela uliyotumia hawaihesabu kama ugumu. Kubomoa unalipa mwenyewe.

Fundi Paa
Mimi niongee ya mikononi maana hapo juu mmeongea ya karatasi. Kwanza umepima kutoka wapi? Kama ni kutoka kwenye fensi hiyo sio mpaka, fensi watu wanaweka popote, na kama ni upande wa barabara mpaka wako mara nyingi hauanzi ukingo wa lami, barabara inamiliki kipande cha majani yako. Lete mpima ardhi atafute bikoni, zile alama za mpaka zilizofukiwa ardhini. Nimeona mtu anaomba futi mbili kumbe alikuwa anazo.

Pili uliza wanapima mpaka wapi kwenye banda lenyewe. Kuna miji inapima kwenye nguzo na kukuruhusu mdomo wa paa utokeze kidogo, kuna miji inapima kwenye ncha ya paa pale maji yanapodondokea. Nguzo zako zikiwa futi 4 na paa likatokeza futi moja na nusu, wewe kwao uko futi mbili na nusu. Na hapo unaingia kwenye balaa lingine, kanuni za ujenzi ambazo zina ofisi yake na bodi ya zoning haina mamlaka nazo: kanuni za mfano za nyumba za kuishi zinazotumika sehemu nyingi Marekani zinataka ukuta ulio chini ya futi 5 kutoka mpaka uhimili moto saa moja, na mdomo wa paa usisogee chini ya futi 2. Kwa hiyo kabla ya ada nenda ukaulize kwa watu wa vibali vya ujenzi. Banda pia lazima liwe wazi pande mbili au zaidi, siku ukiziba kwa mbao kuzuia upepo wanaliita gereji na masharti yanabadilika.

Tatu, kwa nini futi 12? Gari la kawaida linaingia kwenye 10, na ukiweka nguzo za upande wa nyumba tu, paa likaning'inia, mlango unafunguka bila kugonga chuma. Hapo unabaki na futi 6 kutoka mpaka, unaomba 2 badala ya 4. Bodi zinatakiwa kutoa kile kidogo kinachotosha, na kuna miji ambayo kipungufu kidogo hivyo afisa anakisaini ofisini bila kikao. Paa liinamie upande wa nyumba, weka gata, maji yasimwagike kwa jirani.

bibi_wa_kiwanja
Mdogo wangu, "jenga tu" ya mdomoni isikudanganye. Mwombe aandike barua na asaini, uiambatanishe. Majirani wote wa karibu watapelekewa taarifa ya kikao kwa posta, na anayekuja kupinga mara nyingi sio wa pembeni, ni yule wa ng'ambo ya barabara. Mpelekee mchoro kabla hajaletewa barua ya serikali. Halafu angalia hati yako kama kuna njia ya mabomba au nyaya hapo pembeni, bodi haiwezi kuifuta hiyo, wala masharti ya chama cha wenye nyumba kama mnacho.

Otieno_wa_mpaka
Boss, kitu moja wamesahau ni kura. Ile sheria ya mfano ilitaka wajumbe wanne kati ya watano wa bodi wakubali, na kuna majimbo bado yanafuata hivyo, North Carolina kwa mfano ni nne kwa tano. Ukifika ukute wamekuja wanne pekee, mmoja akikataa umeisha. Uliza karani mapema, na kama hawajatimia omba kesi isongeshwe kikao kingine.

mgeni_wa_baridi
Asanteni sana wakuu. Fundi nimepima kutoka fensi, kesho namtafuta mpima ardhi. Jibu jipya la fomu nimeandika hivi: "Uwanja wa nyuma, ambako kanuni zinaruhusu banda, unashuka mpaka mtaroni na gari haliwezi kufika bila kuchimba na kujenga ukuta wa kuzuia udongo. Nyumba nyingine upande huu wa barabara zina uwanja tambarare. Naomba futi 2 pembeni, paa linainamia kwenye nyumba." Mama mkwe nimemtoa.

mchora_ramani
Hiyo sasa wanaweza kuijadili. Ongeza namba za mteremko mpima ardhi akishamaliza, na "futi 2" usiiandike kabla hujajua mpaka uko wapi.