Naombeni ushauri: vilele vya gama vya 609 na 662 keV vinaniingiliana kwenye udongo wa Rungwe

Wadau habari za muda huu, wakubwa shikamooni. Nipo Mbeya, nafanya utafiti wa mionzi kidogo kwenye udongo wa mashamba ya viazi na chai kule Rungwe, natafuta kama kuna siziamu-137 (elementi yenye mionzi) iliyobaki kutoka majaribio ya mabomu ya zamani, maana nusu-maisha yake ni miaka 30 hivi kwahiyo bado inaweza kuwepo.

Shida iko hapa. Kipimo nilichonacho ni cha sodiamu ayodaidi, na bismathi-214 ya asili iliyomo kwenye udongo inatoa gama ya 609 keV (keV ni kipimo cha nishati) wakati siziamu iko 662, sasa kwenye skrini vinaungana vinakuwa kama kilima kimoja kipana. Nimeshafunga sampuli wiki 4 ili gesi ya radoni, inayozaa hiyo bismathi, itulie, nimehesabu masaa 12 kila moja, nimetoa na mionzi ya mazingira. Sampuli ya udongo wa juu (sm 0 hadi 5) kilima kinaegemea kulia kidogo kuliko ya sm 20, ndo maana sikati tamaa kabisa.

Je, nikitumia kilele kingine cha bismathi, cha 1764 keV, kukadiria bismathi halafu nikaitoa, ni salama au kosa litakuwa kubwa kuliko siziamu yenyewe?

Na hii ya leza ya mwangwi (resonance), ile inayolenga atomu ya isotopu moja bila kusubiri ioze, inafaa kwa udongo au nipeleke tu sampuli kwenye kipimo cha jemaniamu, kile kinachotenganisha vilele vizuri zaidi? Aliyewahi kufanya anisaidie jamani, nitashukuru sana.