Kuhifadhi matukio badala ya salio: kanuni za biashara zikae wapi?

Swali
Ndugu wataalamu, ninaandika mfumo wa akaunti za fedha kwa Haskell, lugha ya kuandikia programu. Sihifadhi salio, ninahifadhi kila tukio, yaani akaunti kufunguliwa, fedha kuwekwa na fedha kutolewa, kisha salio ninalipata kwa kuyapitia matukio yote kwa foldl, funksheni inayopitia orodha moja baada ya jingine huku ikikusanya jibu. Naomba kujua kanuni za biashara zikae wapi, na nifanyeje matukio yakiwa mengi mno.

Jibu la 1
Tenganisha funksheni mbili. Ya kwanza, amua, hupokea hali ya sasa pamoja na amri, ikarudisha matukio mapya au kosa. Ya pili, badilisha, hupokea hali na tukio moja, ikarudisha hali mpya. Kanuni zote zikae ndani ya amua. Badilisha haina ruhusa ya kukataa, kwa kuwa tukio limekwisha kutokea, na ukiyapima matukio ya zamani kwa kanuni za leo, siku kanuni zitakapobadilika akaunti za zamani hazitasomeka tena. Majaribio nayo huwa mepesi mno: anza na FedhaZimewekwa 500 na FedhaZimetolewa 200, toa amri ya ToaFedha 400, utarajie kosa la SalioHalitoshi, bila kugusa hifadhidata yoyote. Saa pia isisomwe ndani ya funksheni hizo mbili. Wakati uje na amri na uandikwe ndani ya tukio.

Jibu la 2
Kabla ya yote, tumia foldl', inayokokotoa kila hatua papo hapo, badala ya foldl, ambayo yaweza kurundika kwenye kumbukumbu hesabu zisizokokotolewa. Hata hivyo foldl' hukokotoa tabaka la juu tu, kwa hiyo sehemu za rekodi ya hali uzitie alama ya mshangao (!), ili nazo zikokotolewe papo hapo. Matukio yakizidi, hifadhi nakala ya hali pamoja na namba ya tukio la mwisho, lakini iwe nakala inayoweza kufutwa na kujengwa upya wakati wowote. Binafsi nisingeiharakia kabla ya kupima.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, amri mbili zikifika kwa pamoja, zote zikasoma salio lilelile?

Jibu la 1
Kila tukio lipewe namba ya mfuatano ndani ya akaunti yake, na hifadhidata ikatae jozi ya akaunti na namba inayojirudia. Amri itakayochelewa itashindwa kuandika. Isome matukio upya, kisha amua iitwe tena kwa hali mpya. Kwa kuwa amua haitumi barua pepe wala haigusi chochote cha nje, kuiita mara ya pili hakuna madhara.