Nimealikwa Wigilia Lublin, nijiandae vipi?

mgeni_wa_baridi:
Wakuu, habari zenu. Rafiki ninayesoma naye kanialika kwao Lublin, Poland, tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi, ambao wao wanauita Wigilia. Nasikia kuna vyakula 12 na mambo ya kumega mkate. Mimi si Mkatoliki. Nibebe nini, na nisije nikaaibika wapi?

mama_pierogi:
Karibu mdogo wangu. Mimi nimeolewa huku, hii itakuwa Wigilia yangu ya tisa. Chakula kisikusumbue, kazi iko kwenye opłatek. Ni kaki nyeupe, nyembamba kama karatasi, imechapwa picha ya mtoto Yesu. Si ekaristi, kwa hiyo asiye Mkatoliki naye anamega. Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa yangu, nikaitia yote mdomoni. Mama mkwe akabaki kanyoosha mkono na ya kwake! Utaratibu ni huu: unamega kipande kidogo kwenye ya mwenzako, naye anamega kwenye yako, mnatakiana heri, kisha unahamia kwa mwingine mpaka wote waishe. Watu hulia hapo, usishangae. Kwa bibi sema „zdrowia", yaani afya, inatosha kabisa.

Hawakai mezani mpaka nyota ya kwanza ionekane, ila huku Desemba saa kumi jioni kiza kimeshaingia. Ukigusa kitambaa cha meza utasikia kitu kinachakarisha chini yake. Ni nyasi kavu, kwa ajili ya lile hori la Bethlehemu.

kaka_wa_Kraków:
Maua usisahau, idadi iwe witiri. Shufwa ni za msibani, na krisantemu ni za makaburini. Viatu unavua mlangoni.

mgeni_wa_baridi:
Asante dada, nimecheka sana. Hivyo 12 lazima nile vyote?

mama_pierogi:
Unaonja vyote, hesabu ya mitume. Nyama hakuna. Utaanza na barszcz, supu nyekundu ya bitiruti yenye vidonge vya unga vilivyojazwa uyoga. Usiombe sahani ya pili! Bado kuna samaki wa chumvi, samaki aitwaye karp wa kukaanga, pierogi (kama sambusa za kuchemsha) za kabichi iliyochachushwa, na huko mashariki kutia: ngano, asali na mbegu za mpopi. Kinywaji cha matunda makavu kinanuka moshi kwa sababu plamu zake zimekaushwa kwa moshi. Mimi nacho bado hatujapatana. Ukipewa gamba la samaki, tia kwenye pochi, wanasema linavuta hela. Langu lipo tangu mwaka juzi, hela sijaziona.

mgeni_wa_baridi:
Rafiki yangu anasema kuna sahani moja ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa. Ndiyo yangu hiyo?

mama_pierogi:
Hapana, wewe umeshahesabiwa. Ile inabaki tupu, asije mtu akabisha hodi. Kwetu hajabisha bado, lakini kila mwaka mama mkwe anaipangusa.