Naomba ushauri: upinde wa mvua katika mchoro wa Ruisdael, ni tumaini kweli?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nimekwama, naomba mnisaidie.

Naandika maelezo mafupi ya "Makaburi ya Wayahudi", mchoro wa Jacob van Ruisdael, Mholanzi wa karne ya 17. Aliuchora mara mbili: mmoja uko Dresden, mwingine Detroit. Nashughulika na huu wa Detroit. Makaburi yenyewe ni ya kweli, yapo Ouderkerk karibu na Amsterdam, walikozikwa Wayahudi wenye asili ya Ureno. Lakini yale magofu na kijito kinachopita kando ya makaburi aliyaongeza mwenyewe. Kwa hiyo hakuwa ananakili mahali tu. Alikuwa na jambo la kusema.

Kinachonitatiza ni upinde wa mvua. Anga imefunga, mti mkavu umenyoosha matawi yake, halafu kwa mbali unaonekana huo upinde. Nimesoma kwamba ni alama ya tumaini, kama lile agano la Mungu na Nuhu. Mimi kila nikiutazama, moyo unakuwa mzito. Nimejaribu hata kuuziba kwa kidole kwenye picha nione tofauti: huzuni ilibaki ileile, ila jicho likarudi moja kwa moja kwenye makaburi yanayong'aa.

Je, nitakosea nikiandika kwamba huzuni ndiyo inayotawala, ingawa alama ya tumaini ipo? Na katika kueleza mchoro wa mandhari, nianze na mwanga na rangi, au na maana ya alama?

Natanguliza shukrani.