Yah: Nalala kwenye gari Kibirizi. Nirudi Leicester au nivumilie?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za baridi.

Wengi mnanikumbuka. Niliaga huko Leicester, Uingereza, Februari 2024, pilau mkala, hotuba mkasikiliza. Nikatua Kigoma na akiba yangu yote, HiAce nimeshainunua Dar, nikaingia kwenye dagaa. Kibirizi nimekua nikikimbia pale, nikajua hakuna wa kunidanganya. Sijakaa sawa, Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi: 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, samaki wazaliane. Wenye mtaji walikuwa wameshajaza stoo. Mimi nilikuwa na gari. Nikahamia mawese: nachukua Simbo na Mwandiga, nashusha Tabora.

Tangu Machi nimeacha chumba cha Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma. Viti vya nyuma nimeng'oa, nimelaza godoro, neti nimeifunga kwenye vishikio vya abiria. Naegesha karibu na mwalo kwa sababu pale usiku watu hawalali, mwizi anaona aibu. Bafu nalipia. Asubuhi nakunja godoro, napakia madumu. Kiafya sijambo, malaria mara mbili tu.

Sasa msimamizi wangu wa zamani ghalani kanipigia. Nafasi ipo, zamu ya usiku, ajira ya kudumu. Na mimi niko nje mwezi wa 20 huu, kile kibali cha kukaa Uingereza bila ukomo kinakufa nikitimiza miaka miwili. Nilikuwa nawaza niruke wiki mbili, nigongewe muhuri, nirudi kwenye mawese yangu. Mnanishaurije?

Kijana wa Kibirizi

*

Mdogo wangu,

Habari za biashara waachie wenye kuzijua, mimi nakujibu la kibali, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Hiyo ya wiki mbili ifute. Sheria haihesabu siku peke yake, inataka uwe unarudi kuishi. Afisa wa mpakani akikuuliza kazi yako iko wapi, nyumba iko wapi, na wewe una tiketi ya kurudi Dar mfukoni, utamwambia nini? Wapo waliopita bila kuulizwa. Wapo walioulizwa. Na miaka miwili ikipita, utaombea ukiwa huko huko Tanzania viza ya mkaazi anayerejea, ulipe, uthibitishe kwamba bado una mizizi huku. Si rahisi hivyo.

La pili, na hili lifanye wiki hii: kadi yako ya ukaazi uliyoondoka nayo bila shaka imeandikwa mwisho 31 Desemba 2024. Usishtuke. Kilichoisha ni kadi, haki yako bado iko. Lakini siku hizi hakuna kadi, kila kitu kiko mtandaoni. Fungua akaunti ya viza, unganisha na pasi yako, hata bando la simu linatosha. Ukikata tiketi kabla ya hapo, utakwama kaunta ya ndege uwanjani ukiwa na mabegi.

La tatu ni pensheni ya serikali ya huku. Ulichangia miaka mingapi? Chini ya 10 hupati kitu, ili upate yote ni 35.

Dada yako, Leicester

*

Dada, miaka 9.

*

Tisa! Ng'ombe mzima umemla, mkia umekushinda.

*

Kaka, salaam kutoka Bristol, mji ambao kulala kwenye gari ni kabila. Kuna mitaa hapa magari yamepanga mstari, mengine yana bomba la moshi na maua dirishani. Na mimi nililala kwenye Transit miezi mitano nikisambaza vifurushi, kwa hiyo sikucheki.

Ila nikuambie kilichonipata. Nilipokuwa nalala mle nilijiona mpambanaji. Kila asubuhi shingo ikiuma, nahesabu yale maumivu kama faida. Vitabu sikufungua hata siku moja. Sasa wewe tuwekee namba hapa: unapakia kiasi gani, dumu linakuachia nini, mafuta yanakula ngapi, safari ngapi kwa mwezi?

*

Napakia madumu 50 ya lita 20, kama kilo 900, zaidi ya hapo springi zinalia. Ikienda vizuri dumu linaniachia elfu nane. Mafuta kwenda Tabora na kurudi ni kama 270,000. Safari tatu kwa mwezi, nne nikibahatika. Chumba kilikuwa 50,000 kwa mwezi.

*

Haya. Madumu 50 mara elfu nane ni 400,000. Toa mafuta, inabaki 130,000. Hapo hujala, hujaziba pancha, hujatengeneza ile shoki uliyolalamikia mwaka jana baada ya barabara ya Uvinza. Safari tatu, 390,000. Ukitoa hayo mengine, sina haja ya kukuandikia.

Halafu angalia chumba: 50,000 ni faida ya madumu sita na kidogo. Miezi yote hii unachomwa na jasho la mawese kwa ajili ya madumu sita! Kinachokumaliza ni ile 135,000 ya kurudi Kigoma na gari tupu. Tabora kuna asali, kuna mchele. Asali ni nzito, dumu la lita 20 linakwenda kama kilo 28, kwa hiyo hata madumu 20 hayakuumizi springi. Madumu yawe mengine lakini, ukitia asali kwenye dumu la mawese utaila mwenyewe na ndugu zako.

Jaribu safari mbili za hivyo. Zisipobadilisha hesabu, uza gari huku likiwa bado linawaka.

Wa Bristol

*

Kijana,

Marahaba. Nimesoma yote. Mimi nilikaa Göteborg miaka mingi, sasa niko Ujiji, nakaa barazani na kusoma barua zenu kwa miwani ya mkopo.

Gari lako nimeliona Kibirizi, lile lenye pazia la khanga. Nikadhani ni la mganga.

Hayo ya viza na asali wamekujibu waliosoma. Mimi nina swali dogo. Kutoka hapo mwaloni hadi Ujiji ni bajaji moja. Mama yako yuko hai, nyumba ina vyumba vitatu, ndugu zako wote wameolewa au wako Dar. Ijumaa nilimsalimia, akaniambia mwanawe amepanga Mwanga, chumba kizuri, chenye vigae. Vigae hivyo umevitoa wapi?

Najua jibu, usiniandikie. Mimi niliporudi nililala gesti ya Mwanga siku 11 kabla mama hajajua niko mjini, kwa sababu sanduku langu lilikuwa na nguo zangu tu. Alipojua alilia siku mbili. Sanduku hata hakuliangalia, alikuwa anahesabu zile siku 11.

Uende Leicester au ubaki, sitakuamulia. Lakini usikate shauri hilo ukiwa umelala juu ya godoro linalokunjwa.

Mzee wa Ujiji

*

Wakubwa zangu, shikamooni. Nimekawia kujibu.

Akaunti ya viza nimefungua, dada. Picha ilikataa mara nne, ya tano ikakubali. Msimamizi nimemwambia anipe hadi mwisho wa mwezi ujao, amekubali kwa shingo upande. Kesho naenda Tabora, narudi na madumu 20 ya asali: kumi nimenunua, kumi za mwenye mzinga, tunagawana zikiisha. Kaka wa Bristol, daftari nimenunua, naandika mpaka maji ya kunywa. Nikiona safari ya pili inafanana na zile za zamani, gari linauzwa na tiketi nakata kabla mwezi wa 24 haujafika. Mmoja ameshaniulizia bei, anataka kulirudisha kwenye abiria.

Mzee, nilikwenda Jumapili. Nilimkuta uani anachambua dagaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, sikuyasema. Nikashusha godoro, nikaliegemeza ukutani. Aliinuka, akalinusa, akaniangalia.

"Hili la Mwanga ndilo linanuka mawese hivi?"

Akaita mtoto wa jirani alete sabuni na brashi.