Ngolo za Wamatengo: zinachimbwaje?

Mlimabondeni: Wakuu, shamba liko kwenye mteremko mkali na mvua za masika zinasomba udongo. Nasikia Wamatengo wa Mbinga, Ruvuma, wanalima milima ya namna hiyo kwa ngolo, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mtu anaanzia wapi? Na kwa nini wanaoiga zinawabomokea?

Nyengo_kali: Anza na majani, jembe baadaye. Machi, mvua zikielekea ukingoni, fyeka na uyaache yanyauke wiki moja au mbili. Yapange chini kwa mistari inayokatana, upate miraba ya kama mita 1.5 hadi 2 kila upande. Chimba katikati ya mraba, udongo utupie juu ya majani pande zote nne. Mwaga maharage juu ya tuta, kisha ongeza udongo kidogo uyafukie. Pale katikati panabaki shimo. Ukishavuna maharage usibomoe kitu: mvua zikirudi mwishoni mwa mwaka, mahindi yanapandwa juu ya matuta yale yale, na magugu ya palizi yanatupwa shimoni yaoze.

Kijito2: Kubomoka kunaanzia kwenye kona. Tuta moja likiwa fupi kuliko wenzake, maji yote yanapita hapo, yanajaza shimo la chini, nalo linafurika, hivyo hivyo hadi bondeni. Kosa lingine ni kubania majani. Tuta la udongo mtupu halihimili mvua. Baada ya mahindi unachimba upya, na mashimo mapya yaangukie palipokuwa na matuta.

Mama Kahawa: Mmesahau nguvukazi. Kwa desturi wanaume wanafyeka na kupanga majani, wanawake wanachimba, wanapanda na kufukia. Kwa maoni yangu, mzigo umeelemea upande mmoja. Ardhi nayo ilipangwa kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima katikati ya vijito viwili, mikononi mwa ukoo mmoja, nyumba na kahawa vikiwa humo humo. Ukoo ukiongezeka, vipande vinapungua, shamba halipumzishwi, na majani ya kupanga yanakosekana.

Mlimabondeni: Majani kwangu ni haba. Mabua ya mahindi yanafaa?

Nyengo_kali: Yanafaa, ila yakatekate na uchanganye na majani laini. Mabua matupu yanaacha uwazi, udongo unazama, tuta linapasuka.